Mbwa Aliyeitwa Washenzi

Majike watatu waliolala juu ya blanketi moja mwezi Julai wanaweza kutoana damu ifikapo Oktoba. Mfugaji wa mbwa aina ya basenji analijua hilo kabla halijatokea, na mwishoni mwa Agosti huwa ameshaanza kupanga nani alale jikoni, nani stoo, nani chumba cha nyuma. Majike wa aina nyingine nyingi huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka, kila mmoja kwa wakati wake. Jike wa basenji huingia joto mara moja tu, na kwa Ulaya na Marekani ya Kaskazini wengi huingia kati ya Septemba na Novemba, siku zinapoanza kufupika. Msimu ukipita, umepita. Mfugaji mdogo mwenye majike wawili au watatu akikosea kuchagua dume, akiugua, au akisafiri wiki isiyofaa, atasubiri mwaka mzima.

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Ukihesabu kuanzia Oktoba unafika Desemba, kwa hiyo watoto wa mbwa aliyetoka misitu ya Ikweta huzaliwa wakati theluji inaanguka nje. Ndiyo maana historia ya basenji nje ya Afrika ni historia ya jikoni na vyumba vyenye moto, na ya watu wachache walioamka saa nane za usiku kupapasa matumbo ya vijibwa kuona kama vimepoa. Wengi wao walikuwa wanawake waliofuga nyumbani kwao. Hakukuwa na kampuni wala shamba kubwa.

Lakini kabla ya jikoni kulikuwa na msitu, na kabla ya Waingereza kulikuwa na wafugaji wengine.

Mjerumani Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea aliyesafiri nchi za Nile ya Juu na Uele kati ya 1868 na 1871, aliwaona mbwa hawa kwa Wazande. Aliwaeleza kuwa ni wadogo, wenye mkia uliojikunja kama wa mtoto wa nguruwe, na shingoni wamefungwa njuga ndogo za mti ili wasipotee katika majani marefu. Njuga hizo zina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Mbwa huyu habweki. Bubu si bubu: hulia, hunguruma, na akifurahi hutoa sauti ya kuviringika inayofanana na mtu anayejaribu kuimba huku anapiga miayo. Ila ule mbweko wa mfululizo unaomwambia mwindaji mbwa yuko wapi, hana. Mwindaji akamtengenezea sauti. Katika msitu wa Ituri, Wambuti wanaowinda kwa nyavu huziba njuga kwa majani wanapotembea kuelekea mahali pa kuwinda, kisha huzizibua nyavu zikishatandazwa, na mbwa huingia kichakani wakipiga kelele kwa shingo zao, wakiwasukuma paa na funo kuelekea kwa watu wanaongoja. Penye majani marefu mbwa haohao huwinda ndezi.

Mbwa wa aina hiyo hakujitengeneza mwenyewe. Urefu wake ni sentimita 40 hivi begani, uzito wake kilo kumi au kumi na moja, ana masikio yaliyosimama na miguu mirefu ya kurukia juu ya majani ili aone. Katika kila kizazi kuna mtu aliyesema huyu anajua kazi, apandishwe, na yule hafai. Hakuna haja ya kuyapamba maisha yake ya kijijini. Mbwa wa mwindaji alikula kidogo, alipigwa, alilala nje, na asiyeweza kujitafutia hakuishi. Hata hivyo uchaguzi ulifanyika, na ulifanyika kwa muda mrefu sana. Watafiti wa vinasaba walipolinganisha aina 85 za mbwa na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004, basenji alikuwa miongoni mwa zile chache zilizojitenga mapema na mbwa wengine. Mwaka 2021 jenomu yake ilichapishwa, na watafiti waliona kuwa anafaa kuwa kipimo cha kulinganishia aina nyingine kwa sababu amesimama karibu na shina la mti mzima.

Sasa jina. Msomaji wa Kiswahili atakuwa ameshalisikia linamgonga sikioni.

“Mshenzi” ni neno la pwani. Lilikuwa neno la mtu wa mji wa mawe na misikiti kwa mtu wa bara, na lilibeba dharau tangu mwanzo. Liliingia Kongo pamoja na misafara ya pembe za ndovu, iliyofungua vituo Nyangwe na Kasongo, na katika miaka ya 1870 mfanyabiashara Tippu Tip alipoweka makao yake Kasongo, Kiswahili kilikwenda naye na neno hilo likiwa ndani ya furushi. Kutoka hapo likaingia katika Kilingala na midomoni mwa Wabelgiji na askari wao, wakiwaita watu wa vijijini “basenji”. Kiambishi “ba-” hapo ni “wa-” yetu. Basenji ni washenzi, kwa wingi. Mbwa wa basenji alikuwa mbwa wa washenzi, mbwa wa watu wa porini. Wafugaji wa Uingereza walipolichukua jina katika miaka ya 1930 walilikata, wakaacha wenye mbwa nje na kumpa mbwa mwenyewe lile tusi. Vitabu vyao vikaeleza kuwa maana yake ni kitu kidogo cha porini. Hivyo kila mbwa mmoja wa aina hii duniani anaitwa kwa wingi, na anaitwa kwa neno ambalo mama wa Unguja angemkanya mwanawe asilitumie mbele ya wageni. Vitabu hivyohivyo vinanukuu pia jina refu la kienyeji, vikisema tafsiri yake ni mbwa anayerukaruka. Sikio la Mswahili linasikia humo “mbwa wa mwitu”, na kuruka hakumo.

Walioanza kuwapeleka Ulaya hawakufanikiwa kwa muda mrefu. Mwaka 1895 mbwa wawili walionyeshwa London katika maonyesho ya Crufts, na watu wakawatazama kama viumbe wa ajabu kutoka Kongo. Haukupita muda wakafa kwa distempa. Ugonjwa huu haukuwa na dawa wakati huo: homa, makamasi mazito, kuhara, kisha degedege. Mbwa wa mijini Ulaya walikuwa wameishi nao kwa vizazi, na wale waliobaki hai waliwarithisha watoto wao kinga kidogo kupitia maziwa. Mbwa aliyetoka kijiji kilicho mbali na njia za watu alifika akiwa hana kinga yoyote.

Mwaka 1923 Lady Helen Nutting aliwatoa mbwa sita Meridi, kusini mwa Sudan. Waliivuka safari na wakaipita karantini ndefu ambayo Uingereza iliiweka kuzuia kichaa cha mbwa. Kisha wakachanjwa dhidi ya distempa, kwa chanjo ya wakati huo ambayo bado ilikuwa ya kubahatisha, na wote sita wakafa. Ni vigumu kulisoma tukio hili bila kumwonea huruma mtu aliyewalinda muda wote huo halafu akawapoteza kwa sindano iliyokusudiwa kuwaokoa.

Mwaka huohuo jarida la The Field lilianza kuchangisha fedha za utafiti wa distempa. Michango ilitoka kwa wafuga mbwa wenyewe, wakubwa kwa wadogo. Kwa fedha hizo Patrick Laidlaw na George Dunkin walithibitisha kuwa ugonjwa husababishwa na virusi, na kufikia 1928 walikuwa na njia ya chanjo iliyofanya kazi. Bila wao habari hii ingeishia hapa.

Olivia Burn, mwanamke Mwingereza aliyewajua mbwa hawa Kongo ya Wabelgiji, alikuwa naye ameshawazika kadhaa kabla ya kupata waliopona. Mwaka 1937 aliwapeleka Crufts mbwa wake, wakiwemo Bongo, Bokoto na Bereke, wakiwa na jina la banda lake, Blean. Umati ulijaa mbele ya vizimba vyao. Watu walitaka kumwona mbwa asiyebweka, anayejilamba na kujisafisha kama paka, mwenye paji lililokunjamana kama mzee anayefikiri deni lake. Magazeti yaliandika. Mwaka huohuo mbwa wa kwanza walivuka kwenda Marekani, na distempa ikawafuata huko. Akabaki dume mmoja, Bois.

Bois alimpata mwenzake kwa njia ambayo mtunzi wa hadithi angeogopa kuitumia. Mwaka 1941 meli ya mizigo iliyobeba kahawa kutoka Afrika Magharibi ilitia nanga Boston, na wapakuzi wakakuta ndani ya ngama, katikati ya magunia, jike mdogo aliyekonda hadi mbavu zikahesabika. Alikuwa basenji. Mfugaji mmoja wa Massachusetts akamchukua, akamwita Congo, na baadaye akampandisha kwa Bois. Miaka hiyohiyo ya Vita vya Pili vya Dunia, mbwa wengine wawili walifika Marekani pamoja na shehena ya gorila, nao wakaitwa Kindu na Kasenyi. Anayeijua Kindu, mji wa Waswahili wa Maniema kando ya mto Lualaba, atashangaa kulikuta jina hilo katika vyeti vya nasaba vya mbwa wa California. Mwaka 1943 chama kikuu cha usajili wa mbwa cha Marekani kiliitambua aina hii rasmi, ikiwa imesimama juu ya miguu ya mbwa wanaoweza kuhesabiwa kwa vidole.

Nchini Uingereza mzigo mkubwa ulimwangukia Veronica Tudor-Williams. Banda lake aliliita “of the Congo”, na kila kijibwa kilichozaliwa kwake kilibeba jina hilo mwishoni. Alikuwa mfugaji wa nyumbani, na alianza wakati mbaya kuliko wote. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, wakazi wa London waliwapeleka mbwa na paka wao kuuawa, inakadiriwa 400,000 katika siku chache, kwa hofu ya mabomu na njaa. Mwaka uliofuata ikawa kosa la jinai kupoteza chakula kinachofaa kuliwa na binadamu. Mwenye mbwa alitegemea mabaki ya bucha, nyama ya farasi na biskuti zilizokuwa zikipungua. Tudor-Williams aliendelea kuzalisha, na vita vilipokwisha, ni vijibwa vyake vilivyokwenda nchi nyingi kuanzisha koo mpya.

Kazi yenyewe ya mtu wa aina yake haijabadilika sana tangu hapo. Asubuhi na mapema mbwa hutolewa mmoja mmoja, si wote, kwa sababu basenji akiona sungura hasikii jina lake. Mabanda husafishwa kabla ya watu kunywa chai. Jike mwenye mimba hupimwa joto la mwili kila siku kuanzia wiki ya tisa. Likishuka chini ya nyuzi 37, watoto watatoka ndani ya siku moja hivi, na mtu hatoki tena nyumbani. Kisanduku cha kuzalia huwekwa mbali na upepo wa mlangoni, na pembeni yake huwa na ubao mwembamba ili mama asimlalie mtoto akambana ukutani. Huzaliwa wanne, watano, sita. Kila mmoja hupimwa uzito kwenye mizani ya jikoni asubuhi na jioni, na namba huandikwa daftarini, maana kijibwa kinachokufa huanza kupungua gramu kabla hakijaanza kulia. Macho hufunguka baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Dawa ya minyoo huanza karibu na hapo. Wiki ya nne uji laini, wiki ya saba au ya nane chanjo. Halafu huja wageni kuchagua, na mfugaji anayeijali kazi yake huwahoji hao wageni kuliko wanavyomhoji yeye.

Daftari hilo ndilo moyo wa kazi. Ndilo pia lililokuja kufichua kosa.

Mwaka 1956 filamu ya Good-bye, My Lady ilionyeshwa Marekani, na mhusika wake mkuu mwenye miguu minne alitoka kwa Tudor-Williams. Filamu iliongeza watu waliomjua basenji. Tudor-Williams mwenyewe, kwa kutazama madaftari yake, aliona jambo lingine: majina yaleyale yalikuwa yakirudi kila upande. Dume wa mtu wa Scotland na jike wa mtu wa Toronto waliweza kuwa wajukuu wa babu mmoja. Mwaka 1959 alifunga safari hadi kusini mwa Sudan, nchi ya Wazande kwenye mpaka wa Kongo, kutafuta damu mpya. Alirudi na mbwa wawili, Tiger, dume mwenye milia, na Fula, jike mwekundu mwenye kifua cheupe. Tiger hakuacha alama kubwa. Fula aliacha. Katika miongo iliyofuata ilikuwa nadra kumkuta basenji wa cheti, popote duniani, asiye na Fula katika nasaba yake.

Hilo lilisaidia, na lilikuwa tatizo jipya pia, kwa sababu jike mmoja hawezi kuwa msingi wa aina nzima. Katika miaka ya 1960 vijibwa vilivyoonekana vizima vilianza kupauka ufizi na kuchoka; damu yao ilikuwa ikijivunja yenyewe kwa upungufu wa kimeng’enya kimoja, na wengi hawakufika miaka minne. Ugonjwa huu hurithiwa pande mbili: mzazi anayebeba kasoro huwa mzima kabisa. Kipimo kilipopatikana, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wafugaji walifanya walichoona ni sahihi. Waliwaondoa katika uzazi mbwa wote waliobeba kasoro, hata wale ambao wangeweza kupandishwa kwa mzima bila madhara. Ugonjwa ukakaribia kutoweka. Lakini kundi la wazazi, lililokuwa dogo tangu mwanzo, likapungua zaidi, na ndani ya waliobaki ulikuwemo ugonjwa mwingine.

Huo unaitwa Fanconi. Figo hushindwa kurudisha mwilini sukari na virutubisho vingine, vyote vikatoka na mkojo. Mbwa hunywa maji bila kukoma na kukonda huku anakula. Ukatili wake uko katika muda: huanza kuonekana mara nyingi kati ya miaka minne na saba, wakati mbwa ameshazaa, na watoto wake nao pengine wameshazaa. Basi kazi mpya iliingia katika ratiba ya wafugaji. Mara moja kwa mwezi walitoka alfajiri na kikombe, wakamvizia mbwa anapoinua mguu, wakachovya kijiti kilekile anachotumia mgonjwa wa kisukari, na kusimama wakingoja rangi ibadilike au isibadilike. Wengi walifanya hivyo kwa kila mbwa aliyetimiza miaka mitatu, kwa maisha yake yote. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa kipimo cha kwanza cha vinasaba, na 2011 kikatoa kilicho sahihi zaidi. Kijibwa cha leo hupakwa pamba shavuni na mfugaji akajua kabla hajaamua ampandishe na nani.

Kabla ya vipimo hivyo kufika, kikundi kidogo cha wafugaji wa Marekani kilirudi mahali ambako yote yalianza. Mwaka 1987, na tena 1988, walikwenda kaskazini-mashariki mwa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, katika vijiji vya Wazande, wakawaomba wawindaji wawauzie mbwa. Baadhi ya mbwa hao waliitwa Avongara, kwa heshima ya ukoo uliotawala Wazande. Ilibidi chama cha usajili kishawishiwe kufungua kitabu cha nasaba kilichokuwa kimefungwa, na mwaka 1990 kikakubali: mbwa wa kijijini wakaandikwa kuwa basenji kamili, na rangi ya milia, ambayo vitabu vilikuwa haviitambui, ikaingia katika sifa rasmi za aina. Kuanzia 2009 kitabu kilifunguliwa tena kwa wengine kutoka Afrika.

Tulitafakari hilo kwa makini. Zaidi ya miaka tisini baada ya Crufts ya 1895, elimu yote ya vyeti, maonyesho na maabara iliishia kumhitaji mzee wa kijiji aliyekaa chini ya mti na mbwa wake wawili, kwa sababu yeye hakuwahi kufunga kitabu. Alipandisha mbwa wake kwa mbwa wa jirani, na wa jirani kwa wa kijiji cha pili, akachagua kwa kazi, na damu ya mbwa wake ikabaki pana. Kwa kila kipimo cha ufugaji, huyo ndiye mfugaji bora katika habari hii.

Lakini fungua cheti cha nasaba cha basenji yeyote na ufuate mistari yake kwenda nyuma. Utawapita wajukuu, utafika kwa Fula, au kwa Bongo na Bokoto, na hapo mahali pa baba na mama pataandikwa kwamba hawajulikani. Walijulikana. Walikuwa na majina waliyoitwa kwa Kizande au kwa lugha za Ituri, na walikuwa na wenyewe waliojua ni nani alizaliwa na nani. Wawindaji wa vizazi vya mwisho bado wako Uele na Ituri, wengine mbali na vijiji vyao kwa sababu ya vita. Mwenye kalamu, kinasa sauti au simu tu, aliye Isiro, Dungu, Bunia au Yambio, awaendee wazee hao na kuwauliza mbwa wao waliitwaje, walichaguliwaje, nani alisifika kwa mbwa wazuri, kisha aandike majina hayo kabla wenye kuyakumbuka hawajazikwa.